Nani alichukua injini? Kuhusu mwisho wenye utata katika hadithi fupi ya taharuki

Swali: Mimi ni mwalimu, nimehamia Igombe, Mwanza, na ninaandika hadithi fupi ya taharuki ya kisaikolojia, kama maneno elfu tatu hivi. Sabina ni mke wa mvuvi wa dagaa. Mumewe, Kulwa, alitoka peke yake usiku kwenda kuvua na hakurudi. Mtumbwi ulikutwa ukielea, injini ikiwa palepale, lakini mwili haukupatikana. Doto, pacha wa Kulwa, anataka matanga yaishe na injini iuzwe, ila Sabina ameificha chini ya kitanda. Kisha usiku Sabina anaanza kusikia mtu akitua ndoo nje ya mlango, kama alivyozoea kufanya Kulwa akirudi. Doto anamwambia ni akili yake. Usiku wa mwisho ndoo inatuliwa, Sabina anainuka, anafungua mlango, nami nimekata hapo, nikabandika chini sentensi moja tu. Wenzangu wawili wameupenda mwisho huo, watatu wamesema nimewadhulumu. Je, mwisho wa namna hii unakubalika? Na nitajuaje kama wangu umekamilika? Nafikiria pia kuongeza aya ya kuonyesha kwamba kumbe Sabina alikuwa amerukwa na akili. Rasimu nimeiambatanisha.

Jibu: Mwalimu, unakubalika, na una ukoo mrefu huku kwetu. Zipo ngano nyingi za Kiafrika zinazoishia kwenye swali. Vijana watatu wanampenda binti mmoja: wa kwanza ana kioo kinachoona mbali, naye anamwona binti amekufa, wa pili ana chombo kinachowafikisha kwake mara moja, wa tatu ana dawa inayomfufua. Ni nani aliyestahili kumwoa? Mtambaji anaishia hapo, na wasikilizaji wanabishana mpaka usiku unakuwa mkubwa. Angalia lakini kwamba mtambaji hajaficha kitu. Kioo kimetajwa, safari imetajwa, dawa imetajwa, na binti yuko hai. Wanaweza kubishana kwa sababu wamekabidhiwa kila kitu isipokuwa hukumu.

Wenzako watatu walipolalamika hawakuwa wakidai uwaambie nani yuko mlangoni, ingawa huenda ndivyo walivyosema. Walikosa cha kubishania. Umewafikisha kwenye mlango na kuuacha wazi mbele yao, na zaidi ya hapo hakuna kilichotokea katika hadithi nzima ambacho hakiwezi kurudishwa nyuma. Hilo ndilo pungufu lako kubwa, na ndilo nitakalolikalia zaidi.

Waandishi wengi wanaoanza hudhani kwamba mwisho wenye utata ni ule ambao tukio lenyewe halionekani. Mimi naamini kinyume chake. Tukio liwe gumu kama mawe ya Mwanza, lisiwe na ubishi hata kidogo. Kinachobaki na ubishi ni kisababishi: limetokana na nani, au na nini. Mwaka 1898 Henry James, Mmarekani aliyeishi Uingereza, alichapisha The Turn of the Screw, hadithi ya mwalimu wa kike anayelea watoto wawili katika jumba la mashambani na kuanza kuona watu wawili ambao, kwa maelezo ya wenyeji wa nyumba hiyo, wamekwisha kufa. Mwaka 1934 mhakiki Edmund Wilson aliandika makala akidai kwamba mizimu haipo, kwamba tunachosoma ni akili ya mwalimu yule inayomponyoka. Wengine wakampinga, na mabishano hayajaisha hadi leo. Lakini soma ukurasa wa mwisho: mtoto wa kiume anafia mikononi mwa mwalimu wake. Kifo hicho hakina utata wowote. Utata uko kwenye swali la nani amemuua, kivuli cha dirishani au ile mikono iliyomkumbatia. Kama James angekata pale mtoto anapogeuka kutazama dirisha, tusingekuwa tunamzungumzia.

Sasa rudi chini ya kitanda cha Sabina. Umeweka pale kitu cha thamani kuliko vyote katika nyumba ile, kitu anachokitaka Doto, ambacho Kulwa angekihitaji kama yu hai, na ambacho Sabina amekikumbatia kwa sababu akikiachia amekubali kwamba mumewe amekufa. Halafu umekisahau! Injini inatajwa mara mbili tu, na ukurasa wa mwisho haimo kabisa. Kwangu mimi hadithi yako iko pale.

Jaribu hivi. Usiku wa mwisho ndoo inatuliwa. Sabina hasubiri kuitwa. Anaivuta injini kutoka uvunguni, anaiburuta hadi kizingitini, anafungua mlango, giza la nje likiwa zito, na anaitoa nje kwa mikono miwili inayoipokea. Anafunga mlango. Asubuhi injini haipo, na kila mtu pale mwaloni, mitumbwi inapofikia, anajua haipo. Doto anakuja anafoka, au anakuja amenyamaza; chagua mwenyewe, ila chagua tabia inayoweza kuwa ya mwizi na ya mtu aliyeibiwa. Kanga ya Sabina inaning'inia kwenye kamba, imelowa. Imefuliwa? Ameingia nayo ziwani? Injini imekwenda na hairudi, lakini mikono ile inaweza kuwa ya Doto aliyekuwa akimchezea akili kwa wiki kadhaa ili aipate, inaweza kuwa ya Kulwa aliyekuwa na sababu ya kutaka ajulikane amekufa, na inaweza kuwa haikuwapo kabisa, Sabina mwenyewe akiwa ameifikisha majini. Hapo wenzako watano wana cha kubishania mpaka kesho.

Kuna kitu cha pili ambacho lazima ukifunge, nacho ni uamuzi wa mhusika. Frank Stockton alichapisha mwaka 1882 hadithi fupi iitwayo The Lady, or the Tiger?, kuhusu mfalme anayehukumu watu kwa kuwapa milango miwili uwanjani: nyuma ya mmoja yuko simbamarara, nyuma ya mwingine yuko mwanamke wa kuoa. Binti wa mfalme anajua siri ya milango, naye anamwashiria mpenzi wake afungue wa kulia. Kijana anaufungua bila kusita. Hadithi inaishia kwa kuuliza kimetoka nini, na wasomaji walimwandikia Stockton wakidai jibu. Alichokifunga ni kwamba binti amekwisha kuamua, ishara imekwisha kutolewa, na wivu wake tumeuona tangu mwanzo. Swali lililobaki ni juu ya moyo wa binti, si juu ya mlango.

Sabina wako anafungua mlango kwa sababu amesikia kelele, na kwa kusikia kelele mtu yeyote angefungua. Mfanye afungue huku akijua kwamba huenda ni Doto anayemlaghai, na aitoe injini hata hivyo. Kwa nini? Labda amechoka kuwa mtu anayesubiri. Labda anaona kwamba kama ni Kulwa atakuwa amemsaidia, na kama ni Doto atakuwa amemnunua akae kimya. Sababu hiyo ukiipata, na msomaji akaiamini, hadithi imekwisha kwa maana iliyo muhimu, na utamsikia msomaji akisema imekwisha ingawa hajui mikono ni ya nani.

Kuhusu mizani kati ya tafsiri zako, nina mashaka na jambo moja ambalo najua utalisikitikia: upacha. Majina Kulwa na Doto ni ya kawaida kabisa Usukumani, na hakuna atakayeshangaa kuyakuta Igombe. Lakini msomaji wa hadithi za taharuki akiambiwa kuna pacha, anaacha kusoma kuhusu Sabina na kuanza kutafuta ubadilishaji: aliyekufa ni yupi, aliyebaki ni yupi. Hilo ni fumbo la aina nyingine, la kutafuta jibu moja lililofichwa, na litaumeza utata wako wote. Mfanye Doto mdogo wake wa kawaida, umpe jina jingine, sauti yake ifanane kidogo tu na ya kaka yake kama inavyotokea kwa ndugu. Inatosha.

Chukua pia kalamu mbili za rangi. Kwa rangi moja pigia mstari kila jambo linaloonyesha kuna mtu wa kweli nje ya mlango, na kwa nyingine kila jambo linaloonyesha hakuna. Jambo linaloua upande mmoja lazima liondoke au ligeuzwe. Yanayopokea rangi zote mbili ndiyo dhahabu yako, na mwalo umejaa mambo hayo. Harufu ya dagaa mlangoni haithibitishi lolote, kwa kuwa Igombe yote inanukia dagaa. Magamba kwenye kizingiti, hali kadhalika. Ila alama ya kitu kilichoburutwa mchangani ni hatari. Mwanamume mwenye nguvu huibeba injini begani. Ukiandika kwamba asubuhi kulikuwa na mfereji mchangani kutoka mlangoni hadi majini, umeshamhukumu Sabina. Afadhali iwe saa ambayo mitumbwi imekwisha kufika, wachukuzi wamepita, akina mama wameanika dagaa zao, na mchanga wote umekanyagwa.

Mwezi nao ni shahidi, na rasimu yako haijamkumbuka. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa, na taa huvuta dagaa vizuri usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kamili wengi hukaa nchi kavu. Sasa fikiria: ndoo ikituliwa usiku wa giza totoro, shemeji yake yuko ziwani pamoja na wenzake, na kila mtu atamtolea ushahidi, kwa hiyo hawezi kuwa yeye. Ikituliwa usiku wa mbalamwezi, yupo kijijini, lakini hata Sabina angemwona kwa kuchungulia dirishani. Ziweke sauti zako kwenye zile siku za katikati, mwezi unapochelewa kuchomoza, wengine wametoka na wengine wamekaa, na hakuna anayekumbuka vizuri nani alikuwa wapi.

Halafu kuna pengo ambalo si utata. Kwenye rasimu Kulwa alikwenda kuvua dagaa peke yake. Mtumbwi wa dagaa hauendi na mtu mmoja. Kuna wa kupiga kasia, wa taa, wa kuvuta wavu. Msomaji yeyote wa pwani hii ya ziwa atauliza wenzake wako wapi, na hataliuliza hilo kwa sababu umemtia shaka nzuri, atauliza kwa sababu ameacha kukuamini. Ukishapoteza imani yake kwenye jambo analolijua, hatakuruhusu umwachie wazi jambo asilolijua. Mpe Kulwa sababu ya kuwa peke yake: alikuwa anahamisha mtumbwi kuupeleka kambi ya kisiwani, wavuvi wenzake walikuwa wametangulia. Sentensi moja inamaliza.

Nije kwenye lugha, maana hadithi ya namna hii huharibika au kupona kwenye vitenzi. Ukurasa wako wa kwanza una sentensi hii: "Ndoo ilituliwa nje ya mlango." Aliyesema hivyo ni nani? Ni wewe, msimulizi. Umekula kiapo kwamba ndoo ipo, basi yule shemeji anaposema ni akili tunajua anakosea au anadanganya, na nusu ya taharuki imekufa kabla hatujageuza ukurasa. Andika "Alisikia ndoo ikituliwa." Sasa ushahidi ni wa Sabina, nasi tunaupokea kama tunavyoupokea ushahidi wa mtu yeyote. Hata hivyo usikimbilie "alihisi kama", "ilikuwa kana kwamba", "alidhani labda". Maneno hayo yakirundikana msomaji ananusa hila. "Alisikia", "aliona", "alijua" yanatosha, tena "alijua" ndilo kali kuliko yote, kwa sababu mtu anaweza kujua kwa moyo wote jambo lisilo la kweli.

Kiambishi chetu cha nafsi ya tatu kitakusaidia sana pale mlangoni. "Akainama. Akaivuta. Alipoinua macho, alikuwa amekwisha kugeuka." Nani amegeuka? Sarufi haijakosewa, na mlango una watu wawili, au mmoja. Tumia nafasi hiyo mara moja, kwenye aya ya mwisho, baada ya kuwa wazi kabisa kurasa zote zilizotangulia. Ukiitumia kila mahali msomaji atapotea kwenye sentensi, na msomaji aliyepotea kwenye sentensi hana nguvu ya kushughulika na mashaka ya hadithi.

Onyo kuhusu sehemu ya tatu, ile ya mwaloni. Pale umeandika: "Doto alijua kwamba muda si mrefu Sabina angechoka." Kwa sentensi hiyo umeingia kichwani mwake. Umeshatuonyesha kwamba una ufunguo wa akili ya Doto, kwa hiyo tuna haki ya kukuuliza kwa nini hututajii alikuwa wapi usiku ule. Wale watatu waliosema umewadhulumu, nadhani walidhulumiwa hapo bila kupajua. Baki na Sabina tangu neno la kwanza hadi la mwisho. Tumwone shemeji yake kwa macho ya Sabina: namna anavyolihesabu neno lake kabla ya kulitoa, namna anavyokitazama kitanda.

Jambo la mwisho ni zito zaidi. Kwenye barua yako umesema unafikiria kuongeza aya ya kuonyesha kwamba "kumbe Sabina alikuwa amerukwa na akili." Nakuomba usifanye hivyo. Mwaka 1971 daktari Dewi Rees alichapisha utafiti wake wa huko Wales juu ya watu 293 waliofiwa na wenzi wao, na karibu nusu walikuwa wamewahi kumwona marehemu, kumsikia, au kuhisi yupo karibu nao. Walikuwa watu wa kawaida, na wengi hawakuwahi kumwambia mtu. Kwa hiyo mwanamke anayesikia ndoo ya mumewe usiku si lazima awe mgonjwa. Anaweza kuwa mzima wa akili, anayeomboleza, na ndoo isiwepo. Hiyo ni tafsiri kamili yenye heshima, na ni tajiri kuliko uendawazimu wa ghafla, ambao huwa ni njia ya mwandishi kujitoa kwenye kazi aliyoianza.

Kumbuka pia unaandikia watu gani. Huku ziwani mtu aliyepotea bila mwili kupatikana si mbinu ya kitabuni. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikielekea Mwanza, na zipo familia ambazo hazikupata wa kuzika. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara, na siku mbili baadaye mtu mmoja akatolewa akiwa hai ndani ya kivuko kilichokuwa kimelala kifudifudi majini. Msomaji wako anayakumbuka yote mawili. Anajua kwamba ziwa halirudishi, na anajua kwamba mara moja limerudisha. Kwa hiyo tumaini la Sabina si la mjinga, na huhitaji kulitetea kwa maneno mengi. Lakini pia huna ruhusa ya kulifanyia mchezo. Ukiacha wazi kama Kulwa yu hai, hakikisha umeacha hivyo kwa sababu Sabina mwenyewe anaishi ndani ya uwazi huo kila siku, anapika humo, analala humo, anabishana na shemeji yake humo kuhusu lini waanue matanga. Ongeza onyesho moja la matanga. Sasa hivi wazee wa ukoo hawamo kabisa, wakati ndio wenye mamlaka ya kumwambia mjane kwamba inatosha.

Ukishaandika upya, wape hadithi wale watatu walioilalamikia kwanza. Usiwaulize kama wameipenda. Waulize: nani alichukua injini? Wakijibu wote jina moja haraka, mizani imeelemea upande mmoja, rudi kwenye kalamu zako za rangi. Wakisema "sijui" na kunyamaza, tafsiri zako bado ni nyembamba, hakuna inayomvuta mtu aisimamie. Wakikatana kauli, mmoja akataja kanga na mwingine akataja mwezi, ipeleke kwa mhariri.

Na ile sentensi uliyoibandika chini kabisa, "Mpaka leo hakuna ajuaye ukweli," ifute. Inatuambia tushangae wakati tulikuwa tumeshaanza kufikiri, na tena si kweli: Sabina anajua alichokitoa na kwa nini alikitoa.